Kikapu Sijakisahau, Niambie Mzigo Unafika Giakanja kwa Ngapi

Kuna ujumbe ambao kila mtu aliyewahi kuzurura kwenye duka la mtandaoni anaujua. "Hujambo! Umesahau kitu kwenye kikapu chako." Kando yake kuna kikatuni cha kikapu kinalia machozi. Unakuja saa nne usiku, ukiwa umeshajifunika blanketi mbili kwa sababu baridi ya huku kwetu haina utani.

Wasee wa maduka, sikizeni. Sijasahau kitu. Mtu aliyetumia dakika arobaini akichagua viatu, akalinganisha rangi, akatuma skrinshoti kwa marafiki watatu na kusoma maoni ya wateja mpaka yale ya 2021, huyo hawezi kusahau. Nilifika ukurasa wa mwisho, nikaona kitu, nikatoka. Hicho nilichokiona ndicho mnafaa kurekebisha. Kumbukumbu yangu iko fiti.

Naandika haya kwa sababu nimechoka na kozi za "jinsi ya kurudisha wateja waliotoroka". Zinatengenezwa ng'ambo, msee wetu anazibeba vile zilivyo, anazitafsiri nusu, halafu anaziuza elfu mbili kwa vijana wanaoanza biashara na simu moja na bando la wiki. Dawa ni ile ile kila mahali: tuma ujumbe baada ya saa moja, wa pili kesho yake, wa tatu uweke punguzo la asilimia 10. Eti mteja atarudi.

Ni kweli tatizo lipo duniani kote. Baymard Institute, watu ambao wamekusanya takwimu za vikapu kwa miaka mingi, wanaweka wastani wa vikapu vinavyoachwa karibu asilimia 70. Yaani katika kila watu kumi wanaoweka kitu kikapuni, saba wanaondoka bila kulipa. Na ukiwatoa wale waliokuwa wanatazama tu, sababu inayotajwa zaidi ni gharama zinazojitokeza mwishoni: usafiri, kodi, ada za hapa na pale. Usahaulifu hauko hata karibu. Sasa kama Mmarekani, ambaye nyumba yake ina nambari na mtaa una jina, anakimbia kwa sababu ya pesa ya usafiri, mtu wa Giakanja atafanya nini?

Ngoja niwaonyeshe safari yetu. Tuseme viatu ni 1,450. Bei poa, umeipenda. Unabonyeza kikapu, unaingia ukurasa wa anwani. Jina la mtaa? Hatuna. Nambari ya nyumba? Hatuna. Msimbo wa posta unaandika 10100 kwa sababu ndio wa Nyeri na ulikariri shuleni. Halafu inakuja orodha ya miji ya kuchagua: Nairobi ina mitaa hamsini, imegawanywa mpaka unajua ni upande gani wa barabara. Nyeri iko moja tu: "Nyeri Town". Giakanja haipo. Tetu yote haipo, ilhali ni eneo bunge lililomtoa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda Nobel ya Amani. Unachagua "Nyeri Town" basi, na hapo ndipo namba inaruka. Usafiri: 420. Jumla: 1,870. Na bado utapanda mathree kwenda tao kuchukua mzigo, na nauli ya kurudi.

Utalipa? Mimi pia hapana.

Hizo namba ni za mfano, lakini kila mtu wa huku amekutana na ndugu zao. Na kinachouma ni vile 420 ilifichwa mpaka mwisho. Ungeniambia mwanzo "viatu 1,450, kukufikishia Nyeri 420", ningeamua kwa amani. Pengine ningesema sawa. Pengine ningetafuta mtu mwingine wa kuagiza naye tugawane. Ukinifichia mpaka nimeshaandika jina, simu na barua pepe, najiona nimewekwa mtegoni, na mtu akihisi mtego harudi kwa sababu ya kikatuni kinacholia.

Sasa angalia vile dada anayeuza nguo kwa Instagram anavyowashinda hawa wakubwa. Hana tovuti. Hana programu ya kufuatilia vikapu. Lakini kwenye maelezo ya akaunti yake ameandika: Nairobi mia mbili, Nyeri na Karatina mia mbili hamsini, mzigo unakuja na gari la sacco. Imeisha hapo. Watu wa Mlima Kenya wamekuwa wakitumiana mizigo na matatu kabla ya mimi kuzaliwa. Cucu anamtumia mtoto wake Nairobi viazi na maparachichi kwa gari, anachukua nambari ya simu ya dereva, saa tatu baadaye mzigo umefika. Ukienda ofisi za 2NK unakuta mabahasha na katoni zina majina ya watu kwa maka pen. Mfumo upo tayari na watu wanauamini. Ila tovuti nyingi hazina hata kisanduku cha kuandika "weka kwa gari, nitachukua steji".

(Wale wa "bei inbox", msicheke. Nyinyi pia mna vikapu vilivyoachwa, ni vile tu hamvioni. Kila mtu aliyeona picha yako akaona uvivu kuuliza bei, huyo ni kikapu kimeachwa.)

Sababu ya pili ni imani, na hapa sitawalaumu wateja hata kidogo. Jumia walipoingia Kenya 2013, na Kilimall wakafuata 2014, kitu kilichowafanya watu wajaribu ni kulipa mzigo ukifika. Hatukuwa tumekataa mtandao. Tulitaka kuona kitu kwanza. Hata sokoni Karatina hakuna mtu anakupa pesa ya sweta kabla hajaivuta mikono, akainusa na kutafuta tundu kwapani. Kuna kampuni nyingine, Copia, iliyoelewa hili kwa undani: mtu wa kijijini aliagiza kupitia wakala, mara nyingi mwenye duka la karibu, akalipa hapo na kuchukua mzigo hapo. Kikapu hakingeweza kuachwa kirahisi kwa sababu mama wa duka anakujua, na atakuuliza kesho ukienda kununua mkate, "wewe, ile sufuria bado unaitaka?" Copia iliingia mikononi mwa wasimamizi Mei 2024 baada ya kukosa mtaji mpya. Lakini usiniambie wazo la mama wa duka lilikufa. Kilichoisha ni pesa za kupeleka magari kila kijiji. Swali la mama wa duka bado ni ujumbe bora wa kurudisha mteja kuliko wote niliowahi kupokea kwa simu.

Sasa wauzaji wadogo wataniuliza, na wana haki: "Wewe unataka tutume mzigo bila kulipwa, na tukifika mteja amezima simu?" Hili ni jambo zito na sitaki kulipita mbio, kwa sababu wengi wanaouza ni watu wa rika letu. Nina rafiki anauza sweta na majaketi ya mitumba, camera kabisa, zile zinazotoka juu ya belo. Ananunua alfajiri, anazifua, anazipiga pasi, anazipiga picha kwa ukuta mweupe wa jirani. Amewahi kupeleka jaketi mpaka Skuta, mteja akasema ati ako kwa mkutano, halafu simu ikazima. Boda alitaka pesa yake ya kwenda na ya kurudi. Faida ya siku nzima ikaenda kwa petroli ya mtu mwingine. Ukifanyiwa hivyo mara tatu kwa wiki, unaandika "LIPA KWANZA" kwa herufi kubwa na unaacha kujali nani anatoroka.

Kwa hivyo kila upande una kidonda. Mteja ameliwa pesa na akaunti hewa, muuzaji ameachwa steji na jaketi mkononi. Kikapu kilichoachwa kiko katikati ya hao wawili. Ndiyo maana punguzo la asilimia 10 halitibu kitu: hakuna aliyeondoka kwa sababu bei ilizidi kwa asilimia 10. Aliondoka kwa sababu hakujua kama wewe ni mtu.

Njia ambayo nimeona ikifanya kazi ni ile ya kugawana hofu. Mteja alipe nauli ya mzigo kwanza, hiyo mia mbili hamsini, halafu bei ya kitu alipe akishakiona. Akizima simu, muuzaji hajala hasara ya boda. Muuzaji akiwa mwongo, mteja amepoteza mia mbili hamsini badala ya elfu mbili. Si kamilifu, lakini ni haki. Sielewi kwa nini tovuti nyingi hazina chaguo hilo, ilhali kwa WhatsApp watu wanakubaliana hivyo kila siku.

Tukija kwa malipo yenyewe. M-Pesa imekuwepo tangu 2007, na tumeizoea mpaka tunadhani haiwezi kuwa kizuizi. Lakini kumbuka vile kinatokea: umebonyeza "lipa", kile kidirisha cha kuomba PIN kinaruka kwa simu, na wakati huo huo mtandao wa Giakanja umeamua kupumzika. Kidirisha kinapotea. Au kimefika vizuri lakini una 1,300 na unahitaji 1,450, na Fuliza tayari inakudai. Huyo mteja hajakuacha, ameenda kutafuta mia na hamsini! Ukimtumia "umesahau kitu" ni kama kumkejeli. Mtumie Till namba na jumla kamili, mwambie unamshikia mpaka Ijumaa. Kwisha.

Na wakati pia ni muhimu. Mwanafunzi wa Dedan Kimathi ana pesa HELB ikiingia, si tarehe 19 akiishi kwa chapati na supu. Mfanyakazi ana pesa kuanzia mwisho wa mwezi. Mzazi wa huku akipata bonasi ya majani chai, hata wewe unaweza kuitwa uchague viatu. Ile ratiba ya "saa moja, siku moja, siku tatu" iliandikwa na mtu mwenye kadi ya benki. Kwetu kikapu cha tarehe 15 kinaweza kulipwa tarehe 30 kama hukumchosha mteja katikati.

Kuhusu punguzo, niongee kidogo na wanaouza. Fanya hesabu. Umenunua jaketi 900, unaiuza 1,450. Mfuko, kufua na bando la kupost, tuseme 150. Umebaki na 400. Ukitoa asilimia 10 umekata 145, unabaki na 255. Zaidi ya theluthi ya faida imeenda kwa mtu ambaye pengine angelipa tu Jumamosi. Na watu si wajinga. Mimi na marafiki zangu tunaweka kitu kikapuni makusudi, tunaenda kulala, tunangoja punguzo litutafute lenyewe. Mmetufundisha wenyewe. Na zile saa zinazohesabu kurudi nyuma, "zimebaki dakika 10", ukifungua tena ukurasa zinaanza upya kwa 10? Huo ni uongo, na ukinidanganya kuhusu saa nitajiuliza unanidanganya nini kuhusu saizi.

Jambo lingine ambalo makozi hayasemi: hiyo nambari ya simu si yako. Kuna maduka yanayonasa namba yako ukishaiandika tu, hata kabla hujabonyeza kutuma, kisha kesho unapigiwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kutumia data ya mtu kumuuzia kitu kunahitaji idhini yake. Ofisi ya Kamishna wa Data haichezi. 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu milioni 3 kwa kutumia namba za watu vibaya. Ukiwa na duka dogo usidhani haikuhusu. Omba ruhusa, weka njia ya kujiondoa, na ukiambiwa acha, uache.

Ujumbe mmoja unatosha, labda wawili. Yule rafiki yangu wa majaketi huandika hivi: "Niaje, niliona umeipenda ile ya kijani saizi M. Kifua ni inchi 42, zipu ni nzima, kuna doa dogo ndani ya mfuko. Kukuletea Giakanja ni 150, nauli kwanza, zingine ukiiona. Nakushikia mpaka Ijumaa, usipoitaka ni sawa." Hakuna emoji ya moto, hakuna "mpendwa mteja". Hilo la doa ndilo linaniua. Mtu akikuambia doa lilipo kabla hujaliona, unatoa PIN bila kufikiria sana.

Kikapu changu, kama mnataka kujua, kina taa ya kurekodia video iliyokaa humo tangu Januari. Duka limenitumia jumbe sita na punguzo mbili. Nikawajibu, nikauliza usafiri mpaka hapa ni ngapi na kama taa ikija imevunjika inarudishwaje. Wakanijibu: "Hujambo! Umesahau kitu kwenye kikapu chako."