Umekatika au Umekatwa? Somo la Kauli Nililopewa Gerejini

Watunzi wenzangu na wapenzi wa lugha, mnisamehe nikianza na gari badala ya ubeti. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1998, na vioo vyake ni vya umeme. Masika yaliyopita vioo vyote vinne viligoma, na cha nyuma kushoto kiligomea chini, mvua ikiingia kama iliyoalikwa. Loki nazo ziliacha kutii: nilipofunga mlango wa dereva, mitatu iliyobaki haikuitikia. Nikaenda kwa fundi wa kwanza nikamwambia neno moja ambalo leo nalijutia: “Vimekufa.”

Fundi akalipokea neno langu kama nilivyolitoa. Kilichokufa hubadilishwa. Akaweka swichi kuu nyingine na mota nyingine ya kioo cha nyuma, akabonyeza, vioo vikapanda na kushuka, nikalipa. Siku ya pili, barabarani, mvua ikinyesha, vikagoma tena vyote.

Simlaumu sana fundi huyo. Mimi niliyetumia miaka mingi kuwafundisha vijana mnyambuliko wa vitenzi, niliwasilisha tatizo kwa kitenzi kisichosema lolote. “Kufa” hakuelezi kama kitu kimekwama, kimelegea, kimeungua, kimeshika kutu au kimekosa chakula. Ni kitenzi cha kufungia mazungumzo, nami ndicho nilichokitumia kuyafungua.

Fundi wa pili, kijana mwenye karakana chini ya mwarobaini hapa Tanga, hakugusa bisibisi. Aliuliza. “Mzee wangu, viligoma vyote kwa pamoja au kimoja kimoja? Ukibonyeza, taa ya ndani inafifia kidogo au inabaki vilevile? Na mlango wako ukiwa wazi, je?” Sikuweza kujibu hata moja. Akaniketisha kwenye kiti cha dereva, tukaanza kusoma gari kama watu wasomao utenzi kwa sauti.

Taa haikufifia. Alinieleza maana yake: ingefifia, tungejua moto unafika kwenye mota na mota inasukuma, ila kioo kimekwama katika mipira iliyokauka, au mota yenyewe imekaza. Haikufifia, basi mkondo haupiti kabisa. Njia imevunjika mahali. Aliangalia kwanza kile kitufe cha dereva cha kuwazuia watoto wa nyuma wasichezee vioo, kwa kuwa, alisema, wako watu waliowahi kulipia mota kwa sababu ya kitufe hicho. Akaangalia fyuzi. Nzima. Kisha akaufungua mlango wangu wazi kabisa na kubonyeza: vioo vikapanda. Akaurudisha mlango nusu: kimya.

“Waya umekatika,” akasema.

Mimi, nikiwa nimekwisha kumtilia shaka kila aliyelikaribia gari langu, nikamwuliza: “Nani kaukata? Yule fundi?” Akacheka kwa adabu. “Sikusema umekatwa, mzee wangu. Umekatika.”

Hapo ndipo niliposhika kalamu moyoni. Kauli ya kutendwa humwacha mtenda mlangoni hata asipotajwa. Umekatwa, yupo aliyekata. Kauli ya kutendeka haimtaki mtenda, inataka sababu. Nasi tunaifundisha tofauti hii darasani kwa mifano ya vikombe vilivyovunjika, mpaka wanafunzi wanasinzia. Kwa kijana yule, tofauti hiyo ilimwonyesha mahali pa kutafuta. Waya uliokatwa utautafuta pale mikono ya watu ilipopita: chini ya dashibodi, nyuma ya redio, ambako kila mweka kengele ya wizi ameacha alama yake. Waya uliokatika utautafuta pale unapokunjwa. Na katika mlango wa gari, mahali pa kukunjwa ni pamoja tu: bawabani, ndani ya ule mpira mweusi wa mikunjo unaounganisha mlango na mwili wa gari. Kila ufunguapo mlango, nyaya hukunjuka. Kila ufungapo, hukunjwa. Mlango wa dereva ndio ufunguliwao kuliko yote, kwa hiyo ndio huzeeka kwanza.

Lakini kwa nini mlango mmoja uviue vioo vinne? Nilidhani nimemnasa. Akachora kwa kijiti mchangani. Mota ya kioo ina nyaya mbili. Ukipeleka moto huku na ethi kule, kioo hupanda, ukivigeuza, hushuka. Swichi isipobonyezwa, nyaya zote mbili hupumzika kwenye ethi. Na ethi hiyo, hata ya kioo cha nyuma, hupitia swichi kuu iliyo mlangoni mwa dereva. Abiria wa nyuma anapobonyeza, moto huenda kwa njia yake, lakini kurudi lazima urudi kupitia kwangu. Katika gari langu, swichi ya loki nayo ilitegemea ethi ileile.

Akauvua mpira. Waya mweupe wenye mstari mweusi ulionekana mzima machoni, ngozi yake haina jeraha. Alipouvuta kidogo, ngozi ikarefuka kama mpira wa manati. Ndani shaba ilikuwa imeachana, zimebaki nyuzi mbili tatu zenye kutu ya kijani, kwani hewa ya bahari haina huruma. Kabla ya hapo alikuwa amepima kwa mita, na mita ikamwambia waya ni mzima. Kisha akapima kwa taa ndogo ya balbu, taa ikakataa kuwaka sawasawa. Mita, alisema, huridhika na unywele mmoja wa shaba. Taa hudai mkondo wenyewe.

Tengenezo lilikuwa dogo. Aliongeza kipande cha waya laini, na viungo akavilehemu kwa risasi ndani ya mlango na ndani ya mwili wa gari, kamwe si pale bawabani, kwa sababu risasi hukakamaza waya na waya uliokakamaa hukatika kando ya kiungo.

Sasa niseme ninalotaka kusema. Wako wenzetu ambao wakisikia fyuzi, swichi, mota na ethi hukunja uso, wakadhani Kiswahili kimevamiwa. Hoja yao naiona inaangalia mahali pasipo na ugonjwa. Majina husafiri, walioipokea meza kutoka Kireno na kitabu kutoka Kiarabu hawakumwomba mtu radhi. Sikilizeni vitenzi vya yule kijana: kukatika, kufifia, kukaza, kulegea, kushika, kuungua, kukwama. Vyote ni vya nyumbani, na ameviweka mahali ambapo hakuna kingine kingefaa. Hata “moto” kwa maana ya umeme ulio hai ni tamathali, na ni bora kuliko nyingi ninazoletewa na watunzi chipukizi. BAKITA, tangu kiundwe kwa sheria mwaka 1967, kimefanya kazi kubwa ya istilahi. Ombi langu ni kwamba wakusanyaji wa istilahi wanapokwenda gerejini wasirudi na orodha ya majina ya vipuri peke yake. Warudi na sentensi.

Nasi watunzi tunalo deni letu. Nina shairi nililokuwa nimelimaliza, la marafiki wawili walioachana bila ugomvi, na katika ubeti wa tatu niliandika: nyuzi zetu zimekatwa. Mizani minane, kina safi, nami nikajipongeza. Lakini hakuna aliyezikata! Zilikunjwa kila siku kwa miaka, ngozi ikabaki nzima, watu wakituona wazima. Nimemsingizia mtu asiyekuwepo kwa ajili ya kina.

Kusahihisha si kazi ya kufuta neno. “Nyuzi zetu zimekatika” ni mizani tisa. “Nyuzizo” ingeniokolea mizani, lakini ingemtupia mwenzangu nyuzi zilizokuwa zetu wote. Nimejaribu “uzi wetu ’mekatika”, minane kamili kwa msaada wa inkisari, ila kina kimehama kutoka twa hadi ka, na mishororo miwili iliyotangulia inataka kuandikwa upya. Ninaiandika. Mota ya zamani, ambayo kumbe haikuwa na ila yoyote, ipo juu ya meza hapa, inanizuilia karatasi zisipeperuke.