Kamba ya Pentekoste

Wapendwa vijana, wapo miongoni mwenu waliofurahi mwezi Machi 2024, serikali yetu ilipoondoa zuio la kuwaua waliohukumiwa kifo, zuio lililodumu tangu 2003. «Wasaliti wafe,» husema.

Basi na tumtazame Emmanuel Bamba, aliyekuwa waziri wa fedha katika serikali ya Cyrille Adoula. Wakati wa Pentekoste ya 1966 alikamatwa pamoja na Évariste Kimba, Jérôme Anany na Alexandre Mahamba, kwa kosa la kutaka kumpindua Mobutu. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu upesi, bila wakili, na tarehe 2 Juni wakanyongwa hadharani mjini Léopoldville mbele ya maelfu ya watu. Leo uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, Stade des Martyrs, unaitwa kwa heshima yao. Wasaliti wamekuwa mashahidi. Lakini Bamba hakurudi nyumbani.

(Alikuwa Mkimbangu, si Mkatoliki. Sioni kama hilo lapunguza neno.)

Tangu 2018 Katekisimu yetu yasema wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Nanyi mnaoshangilia kamba, nani amewahakikishia kwamba safari hii waamuzi hawakosei?