Mvuvi wa Namoto anahitaji injini ya farasi wangapi?

KILA unapozuka mjadala wa kuwainua wavuvi wa kaskazini mwa Cabo Delgado, jibu la kwanza huwa boti na injini. Serikali huahidi injini, mashirika ya misaada huzitaja kwenye miradi yao, na tangu gesi ilipogunduliwa mbele ya pwani ya Palma zimekuwa sehemu ya mazungumzo ya fidia. Kinachoulizwa mara chache ni ukubwa wake. Injini ya nguvu ya farasi 40 inapendeza kwenye picha ya makabidhiano kuliko ya 15. Lakini baada ya wageni kuondoka, mvuvi ndiye anayebaki akiinunulia mafuta.

Namoto iko upande wa Msumbiji wa mto Ruvuma, mkabala na Kilambo ya mkoani Mtwara. Boti inayoshuka kutoka huko kwenda kuvua hukutana na mto, mafungu ya mchanga, mdomo wa mto na bahari ya wazi, yote katika safari moja. Ndiyo maana swali la ukubwa wa injini, linaloonekana kuwa la fundi, limebeba ndani yake maswali ya mpaka, usalama na haki ya kuvua.

Hesabu ya lita 16

Boti nzito ya mbao, inayokata maji badala ya kupaa juu yake, ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake. Sehemu inayogusa maji ikiwa na urefu wa mita 9, kikomo hicho ni kama kilomita 13 kwa saa. Hadi hapo, nguvu inayoongezwa huleta mwendo. Ukivuka hapo, boti huanza kupanda wimbi lake yenyewe, tezi huzama, na karibu nguvu yote ya ziada huishia kutengeneza povu.

Injini ya petroli ya mipigo miwili, aina iliyozoeleka zaidi katika pwani hii, hula takriban nusu lita kwa saa kwa kila farasi mmoja ikifunguliwa yote. Ya 15 hula lita saba hivi kwa saa, ya 40 hufikia lita 20.

Chukua safari ya kilomita 24, kwenda na kurudi. Boti hiyo ya mita 9 ikiwa na injini ya 15 na ikienda kilomita 12 kwa saa, itatumia saa mbili na lita 14. Ikifungwa ya 40 na kusukumwa kwa nguvu zote, hata kama itafika kilomita 16 kwa saa, itatumia saa moja na nusu na lita 30. Nusu saa imenunuliwa kwa lita 16. Kwa siku 20 za kazi katika mwezi, hizo ni lita 320, mbali na oili ya kuchanganya, ambayo kwa injini nyingi za aina hii ni lita moja kwa kila lita 50 za petroli.

Hesabu hiyo haisemi kwamba injini ndogo ndiyo bora siku zote. Injini ya farasi watano au wanane kwenye boti ya watu wanane, nyavu na barafu itafanya kazi ikiwa imefunguliwa yote kutwa nzima, itachakaa mapema na itamwacha nahodha bila akiba upepo ukibadilika. Na boti nyepesi ya faiba inayopeleka samaki wabichi soko la mbali inaweza kuihitaji kweli ile ya 40, kwa sababu umbo lake linaruhusu kupaa. Boti hiyohiyo ikijazwa mzigo hadi ishindwe kupaa, inarudi katika hesabu ya boti ya mbao.

Uzito nao una neno. Injini ya 15 ina takriban kilo 40, ya 40 huzidi kilo 70. Zote huning'inia kwenye tezi, na ubao wa tezi uliotengenezwa kwa ajili ya ile ndogo hulegea ukibebeshwa kubwa. Wenye pesa kidogo hufanya vyema kuangalia propela kabla ya kubadilisha injini. Injini ya 15 iliyotengenezwa kufikia mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika isipofika huko ikiwa na mzigo, mara nyingi tatizo ni propela ya boti ya mbio iliyofungwa kwenye boti ya kazi.

Upepo, mkondo na mpaka

Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo hutoka kusini na mkondo wa bahari hukimbilia kaskazini kwa nguvu zaidi. Anayetoka mdomo wa Ruvuma kwenda kusini kuelekea Rasi Delgado na Palma hupambana na vyote viwili wakati wa kwenda, akiwa mwepesi, na hurudi navyo akiwa na mzigo. Anayekwenda kaskazini kuelekea Msimbati hufurahia kwenda, kisha hukutana na kazi ngumu jioni, boti ikiwa imejaa na watu wamechoka. Wahenga walisema ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Injini hupimwa kwa safari ya kurudi.

Mdomoni mwa mto, saa ya kutoka ni muhimu kuliko idadi ya farasi. Boti yenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa ikipanda dhidi ya maji yanayotoka kwa kilomita tano, hubakiwa na nusu tu ya mwendo wake na hutumia mafuta mara mbili kwa umbali uleule. Nahodha anayengoja maji yaanze kujaa amejiongezea nguvu bila kununua chochote. Wakati wa bamvua tofauti hiyo huwa kubwa zaidi, na mafungu ya mchanga yanayokisumbua hata kivuko cha Kilambo hayajali ukubwa wa injini.

Safari ya kaskazini huvuka mpaka. Tanzania na Msumbiji zilikubaliana kuhusu mpaka wa baharini mwaka 1988, lakini samaki, upepo na undugu havikutia saini. Eneo la Kionga, kusini mwa mto, lilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi Wareno walipolichukua mwaka 1916. Upande wa Mtwara, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina masharti yake kuhusu nani avue, wapi na kwa zana gani.

Nani aliyeongeza umbali?

Hapa ndipo hesabu ya fundi inapogeuka kuwa ya siasa. Injini hufuata umbali, na umbali wa mvuvi wa eneo hili umeongezwa na mambo asiyoyachagua.

La kwanza ni vita. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 5, 2017, na hasa baada ya lile la Palma lililoanza Machi 24, 2021, pwani hii imekuwa njia ya wakimbizi, doria na wapiganaji. Vita vilivuka hata mto: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Mtwara, kilishambuliwa. Katika mazingira hayo injini kubwa hununuliwa kwa sababu isiyohusu samaki, yaani kukimbia hatari. Sababu hiyo haiwezi kubezwa. Lakini boti nyepesi yenye injini kubwa ndiyo inayomfaa pia mfanya magendo, na askari wa doria analijua hilo. Mvuvi anaweza kujikuta amenunua kasi na mashaka kwa bei moja.

La pili ni gesi. Ujenzi wa Afungi uliwahamisha watu wa Quitupo kwenda Quitunda, mbali na ufuo waliouzoea, na kuwafungia wavuvi sehemu ya maji ya karibu. TotalEnergies ilitangaza dharura na kusimamisha mradi Aprili 2021, kisha ikaliondoa tangazo hilo Novemba 2025. Kazi zikirejea, meli na maeneo yaliyofungwa hurejea pia. Mvuvi anayepewa injini kubwa ili afike mbali amefidiwa chombo, lakini petroli ya kila siku ya umbali huo imebaki kuwa yake. Fidia ya haki ingehesabu lita kwa miaka, si farasi kwa siku moja.

Yanayowezekana

Nchi hizi mbili hazihitaji taasisi mpya ili kuanza. Itifaki ya Uvuvi ya SADC ya mwaka 2001 ina kifungu kinachowahusu wavuvi wadogo, na zote mbili ni wanachama. Chini yake, maofisa wa Palma na Mtwara wanaweza kukubaliana juu ya usajili wa boti unaotambulika pande zote mbili, ili injini ya 25 isomwe kama zana ya kazi na si kama ushahidi.

Vipuri ni jambo la pili. Kwa mtu wa Namoto, Mtwara iko karibu kuliko Pemba. Injini isiyo na plagi wala fundi Mtwara, hata iwe ya msaada, ni chuma kinachosubiri kutu. Wafadhili wanapaswa kuangalia maduka ya Mtwara kabla ya kuagiza.

La tatu ni lugha. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi Agosti 2019, na Wamwani na Wamakonde wa pwani hii wengi wao wanakielewa. Mwongozo mfupi wa Kiswahili wenye jedwali la urefu wa boti, mzigo, umbali na mafuta ungetumika kingo zote mbili za mto.

Kwa boti ya mbao ya mita nane au tisa inayovua ghubani na kurudi siku hiyohiyo, jedwali hilo lingeanzia farasi 15 na kupanda hadi 25 pale tu mzigo au kusi vinapodai. Anayependekeza 40 aombwe kwanza aonyeshe umbali wa safari, na kama umbali huo umetokana na uamuzi wa ofisini, aonyeshe pia nani atalipia mafuta.