Taa Iliyowaka Saa Nane Usiku

Leo nataka kuzungumzia gari. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine, maana gari hili nusura linivunjie nyumba.

Ni gari la juu, mtumba wa Japani, la mwaka 2002. Mimi na mume wangu tulilinunua kwa fedha za mchezo tukachanganya na za karafuu. Tunafanya kazi Chake Chake, na kila mwisho wa wiki tunakwenda Mgogoni kwa wakwe zangu. Huko gari hulala chini ya mwembe.

Usiku mmoja wa masika, saa nane, nikaamka. Kuchungulia dirishani, taa ya ndani ya gari inawaka. Kugeuka kitandani, mume hayupo! Hee! Baada ya dakika kumi akarudi.

"Ulikuwa wapi?"

"Chooni, mke wangu."

"Chooni kwa gari?"

Akadhani nafanya mzaha. Asubuhi milango ya gari haina loki na betri imekufa. Mimi nikajumlisha moja na moja, nikapata mwanamke wa Wete.

Wiki iliyofuata tukanunua betri mpya. Nayo ikafa. Kisha ukaanza mchezo: waipa zinafuta kioo mchana wa jua kali, milango inajifunga na kujifungua wenyewe, indiketa zinawaka hakuna aliyezigusa. Jirani akasema gari limekaliwa. Mama mkwe, Mungu ampe umri mrefu, akalifukizia ubani. Mimi nikanyamaza na langu moyoni.

Fundi mmoja wa mjini akalipima kwa kompyuta, akasema kilichoharibika ni kompyuta ya bodi. Ndugu msomaji, zamani kila swichi ilikuwa na waya wake mpaka kwenye taa yake. Magari ya baadaye yakawekewa kisanduku kimoja kinachopokea amri na kuzigawa: taa za ndani, loki, waipa, indiketa, honi, na katika magari mengi hata kuutambua ufunguo wako. Kisanduku hicho kikiugua, gari zima linakuwa kama mtu anayeweweseka.

Mume wangu akaagiza cha mtumba kutoka Dar es Salaam, kikaja na boti mpaka Mkoani. Laki tatu na nusu. Kikafungwa, gari likatulia wiki tatu, nami nikaanza kujilaumu. Kisha ikanyesha mvua ya siku mbili, na taa ikawaka tena usiku. Hapo ndipo nilipogundua kwamba laki tatu na nusu zile zilitoka kwenye bahasha ya ada yangu ya masomo. Hakuniuliza. Alifikiri atazirudisha kabla sijajua.

Nikafunga sanduku langu. Wallahi nililifunga.

Mama mkwe hakunizuia. Alisema tu, "Mwanangu, ngoja kwanza mzee aje alitazame." Akamwita fundi umeme wa zamani, mtu mzima wa hapo hapo Mgogoni. Nikamwamkia, akaitika marahaba, na kitu cha kwanza alichoomba ni ndoo ya maji. Akaniambia niingie ndani na tochi, nimulike chini ya dashibodi upande wa abiria. Yeye akamimina maji taratibu kwenye kioo cha mbele.

Tone la kwanza likaanguka juu ya kile kisanduku. Nikaliona kwa macho yangu. Likafuata la pili, na la tatu.

Mzee akafungua mfuniko wa plastiki ulio chini ya waipa. Mle ndani majani ya mwembe yalikuwa yamejaa na kuoza, yameziba matundu ya kutolea maji. Mvua ikinyesha, maji yanakosa njia na kuingia ndani. Akachomoa soketi za kisanduku, pini zilikuwa na kutu ya kijani. "Mmebadilisha mgonjwa," akasema, "ugonjwa mmeuacha ndani."

Kisha akapima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na kufungwa. Kwa kawaida usizidi ampea 0.05. La kwetu lilikuwa linakunywa 0.6. Piga hesabu: kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 14, na betri yetu ni ya 60. Siku tatu nne za kulala bila kuendeshwa zinatosha kuimaliza. Hakuna mwanamke wa Wete hapo, msomaji wangu. Ni majani ya mwembe.

Kisanduku cha pili nacho kilikuwa kimeshaoza, ikabidi tununue cha tatu. Safari hii tulikaa wawili mezani, bahasha zote wazi. Na kwa kuwa wengi wenu mna magari ya umri huu, nawaachia tuliyojifunza:

Moja, usikimbilie kubadilisha. Anza na betri: ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6, na injini ikiwaka isome karibu 14. Tazama fyuzi, waya za ethi na soketi zenye kutu.

Mbili, tafuta maji. Zulia likiwa bichi upande wa abiria, jua kuna tundu. Ziba tundu, kausha, ndipo ununue spea.

Tatu, namba iliyoandikwa kwenye kisanduku kipya ilingane na ya zamani mpaka herufi ya mwisho. Magari mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kuwa na visanduku tofauti.

Nne, hakikisha fundi ana programu ya kukisajili pamoja na funguo zako. Katika magari mengi bila hivyo injini haiwaki. Peleka funguo zote ulizonazo.

Tano, kabla ya kuchomoa chochote, toa waya hasi wa betri, na piga picha za soketi kwa simu.

Jioni ile sanduku langu lilikuwa bado limesimama mlangoni. Nikamwambia mume wangu, nilikudhania vibaya miezi miwili, nisamehe. Akakaa kimya, kisha akasema naye alikuwa na lake: angeniuliza juu ya ile bahasha, nisingekataa. Ni kweli nisingekataa. Lakini muhula ule wa masomo ulinipita, na hilo halirudi kwa msamaha. Tumekubaliana fedha ya kwanza ya karafuu msimu huu ni ada, hata gari likisimama.

Sanduku nikalirudisha ndani. Siku hizi gari hulala mbali na mwembe, na kila Ijumaa kabla ya kushusha mizigo, yeye hufungua ule mfuniko nami namshikia tochi.

Tuonane mwezi ujao, panapo majaaliwa.