Haya Isitucheleweshe Kupima Ngozi



Ndugu wazazi na wanafunzi, ngozi ikiwasha sote hukimbilia duka la dawa. Mara nyingi krimu inatosha, kwani ukurutu ni maradhi ya kawaida. Lakini yupo mgonjwa anayewashwa usiku kucha kwa miezi, ngozi inabanduka karibu mwili mzima, viganja na nyayo zinakuwa nene na kupasuka, na tezi za kwapani zinavimba. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, wekundu huenda usionekane vizuri.

Hali hiyo yaweza kuwa ugonjwa wa Sézary, ulioelezwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1938. Ni saratani ya nadra na kali ya limfosaiti T, yaani chembe nyeupe za kinga, ambazo huharibika, huzunguka katika damu na kuivamia ngozi. Si uchafu, wala hauambukizi. Mgonjwa asitengewe sahani wala kunyimwa mkono wa salamu.

Msimamo wetu ni huu: krimu ikishindwa, daktari aombwe kukata kinyama cha ngozi kipimwe maabara, na damu ipimwe pia. Jibu la kwanza lisipoonesha kitu, kipimo huweza kurudiwa, maana ugonjwa huu hufanana sana na ukurutu. Daktari aelezwe dawa zote zilizopakwa, kwani krimu za steroidi huweza kuficha dalili. Hapa Uganda, Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago, Kampala, ilianzishwa mwaka 1967.

Lipo jambo linalotugusa sisi zaidi. Mama zetu na dada zetu hujisitiri, nasi twashukuru. Lakini maradhi nayo hujificha chini ya nguo, na wengine huona haya kuvua mbele ya daktari. Wanazuoni wameruhusu kuonesha mahali panapohitaji tiba, kwa kadiri ya haja. Atafutwe daktari mwanamke. Asipopatikana, mume au maharimu afuatane naye. Kumwacha nyumbani aumie si kumsitiri.

Tiba zipo: mwanga maalumu, vidonge na sindano, kutoa damu na kuitibu kwa mwanga kabla ya kuirudisha mwilini, hata kupandikiza uboho. Dawa ya mogamulizumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Nyingine ni ghali, na si kila mgonjwa hupona. Hata hivyo muwasho hupunguzwa, na vidonda vikitunzwa visiingie vijidudu, maisha huokolewa. Maji yakimdhuru, tayammum ipo.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba. Basi dua na kisomo viendelee, na safari ya hospitali isingojee vimalizike. Familia ichange nauli leo, kabla ya kuchangia makubwa kesho.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.