Nyumba Njema Si Mlango

Wako vijana miongoni mwetu waionao haya nyumba ya wazazi wao. Wajiwapo na mgeni humzuilia uani, asije akaona ukuta wenye nyufa. Wengine huuza mahindi ya ghalani wapate kununua bati, na miezi ya njaa ifikapo huomba unga kwa jirani mwenye paa la nyasi. Je, huo ndio uzuri?

Litazameni tembe la Kwihara, karibu na Tabora. Livingstone na Stanley walikaa humo mwaka 1872. Nalo, lililojengwa upya, sasa ni makumbusho, na wageni hutoka mbali kuliona. Udongo wautazamao huko kwa heshima ni kama huu tuudharauo kwetu!

Sisemi kwamba uchafu ni uzuri. Papasi hujificha katika nyufa na vumbi la sakafu, nao huleta homa. Basi nyufa zikandikwe, na sakafu isiribwe. Walakini ufa uliozibwa kwa mkono wa mama si aibu, bali ni alama ya kazi. Kizingiti kimelika kwa miguu ya watoto na wageni. Moshi ulioitia dari weusi ndio uliozihifadhi mbegu zisiliwe na wadudu. Nyumba isiyo na alama haijalea mtu.

Basi atakaye kuona haya, na aone haya kwa ghala tupu na kwa mgeni aliyeachwa nje, wala si kwa ukuta wa babaye.