Kushika Usukani si Kujua Kuendesha

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga ilikusudiwa kumliwaza aliyefikwa na msiba. Siku hizi imegeuzwa kichaka cha kuwafichia wazembe. Gari likibingirika kwa sababu ya mwendo wa kasi, husemwa kwamba ilikuwa ajali, na mjadala ukaishia hapo. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Ninawaandikia walimu wenzangu na wanafunzi wetu kwa kuwa naamini kinga ipo, na sehemu yake kubwa yaweza kupatikana darasani.

Shirika la Afya Duniani limetueleza kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoua watu wengi zaidi wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, katika miaka ya hivi karibuni, watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifariki barabarani kila mwaka. Miongoni mwao wamo vijana ambao jana tu walikuwa wakijibu maswali yetu ubaoni.

Sheria yetu haimruhusu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuendesha motokaa. Ndiyo sababu wengi hukimbilia shule za udereva mara wamalizapo masomo ya sekondari. Je, huko hufunzwa nini? Kwa miaka mingi mafunzo yameegemea kusogeza vigari vya kuchezea juu ya meza yenye mfano wa mji, huku mwanagenzi akikariri kanuni. Kisha huendesha gari kwa dakika chache, wenzake wakiwa wamejazana kiti cha nyuma wakingoja zamu. Nimewauliza vijana kadhaa waliofuzu iwapo waliwahi kuendesha usiku, au mvua inaponyesha, wakiwa na mkufunzi. Wengi walinijibu kwamba hawakupata kufanya hivyo hata siku moja. Kijana wa namna hiyo amejua klachi na gia, lakini barabara hajaijua.

Wapo wanaodai kwamba mafunzo hayasaidii kitu, bali humpa kijana ujasiri wa bure. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mnamo 2001, wataalamu waliochunguza mafunzo ya udereva yaliyotolewa shuleni katika nchi za ng'ambo hawakuona ushahidi kwamba yalipunguza ajali; yaliwawezesha tu vijana kupata leseni mapema. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu vijana zaidi ya 150,000 wa jimbo la Nebraska, Marekani, ulionyesha kwamba waliopitia mafunzo ya udereva walipata ajali chache na kushtakiwa kwa makosa machache kuliko wenzao ambao hawakuyapitia. Kwa maoni yangu, funzo la tafiti hizi ni kwamba tuangalie kinachofundishwa, na muda wa mazoezi, kabla ya kuhesabu vyeti.

Kinachofaa kufundishwa kwanza ni kuiona hatari kabla haijafika. Dereva aonaye mpira ukidunda barabarani yampasa ajue kwamba mtoto yuko nyuma yake. Aonapo matatu imesimama ghafla, atarajie abiria kuchomoza mbele yake. Jicho la aina hiyo halipatikani kwa kukariri. Hupatikana kwa saa nyingi za kuendesha kando ya mtu mzima mwenye subira.

Walimu nasi tuna zamu yetu, wala hatuhitaji kungoja somo jipya liundwe. Mwalimu wa fizikia na awaonyeshe wanafunzi kwamba gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita takribani mita 28 kila sekunde. Anayeitazama simu yake kwa sekunde mbili amekwenda zaidi ya nusu ya uwanja wa kandanda akiwa kama kipofu. Aidha, mwendo ukiongezwa maradufu, masafa ambayo breki huhitaji ili kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Mwalimu huyo huyo aweza kueleza kwa nini madereva walioteremka Salgaa gia ikiwa huru, ili kuokoa mafuta, walishindwa kuyadhibiti malori yao. Naye mwalimu wa biolojia aeleze jinsi pombe inavyoupumbaza ubongo, na kwamba sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya vitendo huendelea kukomaa hadi mtu afikishapo miaka ishirini na kitu. Mwanafunzi akiyafahamu hayo, ataelewa kwa nini kelele za marafiki garini ni hatari kwa dereva chipukizi.

Isitoshe, tusisahau pikipiki. Kwa vijana wengi wa mashambani, chombo cha kwanza kukiendesha ni bodaboda, tena bila leseni wala kofia ya usalama. Funzo lingojalo umri wa miaka 18 huwafikia hao wakiwa wamechelewa.

Nao wazazi wafahamu kwamba leseni ni mwanzo wa safari. New Zealand ilianzisha leseni ya hatua kwa hatua mwaka 1987: kijana huanza akiwa na msimamizi, kisha huruhusiwa kuendesha peke yake lakini si usiku wa manane wala akiwa amebeba marafiki, na ndipo baadaye hupewa uhuru kamili. Hata kabla serikali yetu haijaiga mpango huo, mzazi aweza kuutekeleza nyumbani mwake, maana funguo za gari ni zake.

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mahali pengine ulimwengu humpa mtu nafasi ya kurudia somo. Barabarani, aghalabu, hufunza mara moja tu. Basi na tuwafunze vijana wetu kabla barabara haijawafunza.